Kununua haki ya teritware nzima: kazi hiyo inafaa nani?

Katika ziara zetu kwenye kooperative ulizo moja linarudia: kampuni inaomba tulipe ili tukuwe wenye haki ya kuuza kwa jina lake katika teritware yote, tukubali? Safari moja ni mbegu, safari ingine ni maji ya kunywa ao mashini za kusaga. Mbele ya kutosha hata dola moja katika sanduku la kooperative, tuelewane kwanza juu ya kitu chenye munanunua.

Franshizi ya kawaida iko rahisi. Mutu iko na jina linalojulikana na namna yake ya kutumika. Unamulipa, unafungua duka moja, unafuata kanuni zake, na kila mwezi unamupa sehemu ya mauzo. Franshizi kuu ni kitu kingine. Hapo unanunua haki ya kufungulia wengine maduka katika eneo zima. Ni wewe unatafuta watu, unawafundisha, unawakagua, unakusanya malipo yao, kisha unagawana malipo hayo na mwenye jina. Arcos Dorados inafanya hivyo tangu 2007 kwa jina la McDonald's, katika nchi zipatazo 20 za Amerika ya Kusini, ya Kati na Karaibi.

Jina hilo la McDonald's lenyewe liko na historia yenye kutufaa. Mwaka wa 1954, Ray Kroc, muuzaji wa mashini za kuchanganya vinywaji vya maziwa, alikutana na ndugu wawili McDonald wa San Bernardino, California. Wakamupa haki ya kuuza franshizi yao Marekani. Kila mwenye duka alilipa dola 950 za kuingia, kisha asilimia 1.9 ya mauzo. Katika hiyo 1.9, ndugu wawili walipata 0.5, Kroc akabakia na 1.4. Tupige hesabu: duka likiuza dola 10,000 kwa mwezi, malipo ni dola 190. Dola 50 zinaenda kwa wenye jina, 140 zinabakia. Na hizo 140 ndizo zilipaswa kulipa safari, mafundisho, ukaguzi na wafanyakazi. Hazikutosha! Chenye kilimuokoa ni viwanja: tangu 1956, kampuni yake ingine ilianza kukodi na kununua viwanja, kisha kuvipangisha kwa wenye maduka.

Tena kuna hii. Alipotaka kuanza karibu na Chicago, alikuta ndugu wale walikwisha kuuza haki ya Cook County, eneo la muji huo, kwa kampuni ingine kwa dola 5,000. Ili kuirudisha, ilimuomba dola 25,000. Mwaka wa 1961 akawanunua ndugu wote wawili kwa dola milioni 2.7, na feza hiyo ilikuwa ya kukopa.

Basi, kazi hiyo haifai kooperative yenye kutafuta faida ya musimu huu. Inafaa wenye wanaweza kukaa miaka miwili ao mitatu bila kugawana kitu, wenye depo yao wenyewe inatembea vizuri na hesabu zake zinafungwa kila mwezi, na wenye watu wa kufundisha. Sisi tunaona muungano wa kooperative unaweza kuiweza, sababu kooperative za musingi zinajuana tayari. Lakini zinajuana sana! Duka la shemeji ya prezida likiharibu jina, nani atalifunga? Kama jibu halipatikane, muache.

Upande wa sheria, Congo iko katika OHADA tangu 2012. OHADA iko na sheria ya kooperative, lakini haina sheria yake ya pekee juu ya franshizi. Kwa hiyo mukataba ndio unabeba karibu yote. Muombe avoka aangalie kama jina limeandikishwa Congo, kama eneo halijauzwa kwa mutu mwingine, na mukataba ukiisha maduka ya chini yanabakia kwa nani. Zaidi ya yote, aangalie hesabu ya maduka yenye munapaswa kufungua kila mwaka. Mikataba mingi inanyanganya haki ya eneo kwa mutu mwenye hakufikisha hesabu hiyo. Kwetu barabara inaweza kufungwa miezi sita kwa sababu ya vita ao mvua. Iandikwe wazi: wakati huo tarehe zinasimama. Na komite isitie mukono mbele mukutano mukubwa wa wanamemba haujasikia bei yote, ya kuingia na ya kila mwezi.

Kuna njia ya katikati yenye tunapenda: muombe duka moja tu kwanza, pamoja na haki ya kuwa wa kwanza kuulizwa juu ya teritware kwa miaka miwili. Kampuni ikikataa, muiulize maduka yake mengine yanauza ngapi kwa mwezi, na muende muyaone kwa macho.