Nyama Hulainishwa na Subira, Si Moto Mkali

Pita jioni ya siku ya mshahara katika mitaa ya Kinondoni, Sinza, Tandika au Mbagala. Harufu itakufikia kabla hujauona moshi. Nyuma ya baa nyingi pana kibanda chenye karai la mafuta, na ndani ya karai hilo vipande vya nyama ya nguruwe vinakaangika. Watu wa mjini wameipa nyama hiyo jina la kitimoto. Huagizwa kwa kilo au nusu kilo, huletwa pamoja na ndizi, pilipili na ndimu, na wanaoizunguka sahani mara nyingi ni wanaume watupu.

Hatusemi kwamba ni kosa mfanyakazi kujiburudisha baada ya kazi ya mwezi mzima. Lakini yafaa tujiulize: wakati baba anapokula nusu kilo barazani pa baa, mama na watoto nyumbani wanakula nini? Wapo watoto wa mjini ambao wameijua nyama hiyo kwa harufu tu iliyobaki katika shati la baba.

Wengi wa akina baba hao hujitetea kwamba nyama ya nguruwe ikipikwa nyumbani huwa ngumu kama kandambili. Nao akina mama hujibu kwamba wameichemsha tangu asubuhi, mkaa umekwisha, na nyama bado haitafuniki. Pande zote mbili zasema kweli. Kasoro haiko kwa mpishi wala kwa nyama, bali katika namna ya kutumia moto. Makala haya yanakusudia kukueleza namna ya kukipika kipande kigumu cha nguruwe hata kichambuke kwa uma bila kisu, kwa mkaa mchache, na kwa usalama, ili karamu ile ya baa ihamie nyumbani siku ya Jumapili.

Kwa nini nyama huwa ngumu

Nguruwe hutumia bega na shingo yake kutwa nzima. Hutembea, husukuma na hufukua ardhi kwa pua. Kwa hiyo misuli ya sehemu hizo imeshikwa na nyuzi nyeupe ngumu ambazo wataalamu huziita kolajeni. Nyama ya mgongoni haifanyi kazi kubwa, nayo huiva upesi. Nyama ya bega haitaki kuharakishwa.

Kolajeni huanza kulegea joto la nyama linapofika nyuzi 70 hivi za Selsiasi, na hulegea vizuri zaidi kati ya nyuzi 80 na 95. Lakini kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Mwishowe nyuzi zile ngumu hugeuka kuwa jeletini, yaani ule ute laini unaoufanya mchuzi wa kongoro ugande ukipoa. Ute huo ndio unaoifanya nyama iwe laini na yenye maji mdomoni.

Sasa fikiri jambo hili. Hapa Dar es Salaam, mji ulioko usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100. Ukichochea moto hata sufuria iruke mfuniko, maji hayo hayatazidi nyuzi 100. Mkaa wote uliouongeza umekwenda hewani kama mvuke, na nyama haikuiva mapema hata kwa dakika moja. Zaidi ya hayo, mchemko wa kasi hukausha mchuzi na kuivuruga nyama nje kabla ya ndani kulainika. Ndiyo maana tunasema kwamba kinacholainisha nyama ngumu ni muda, wala si ukali wa moto.

Ujuzi wa kale

Ujuzi huu haukuanzia katika majiko ya umeme. Ndugu zetu wa Oman, katika siku za Idi, huipaka nyama ya mbuzi au kondoo viungo, huifunga kwa majani ya migomba, huitia katika mifuko ya ukindu na kuifukia katika shimo la makaa kwa siku nzima au mbili. Chakula hicho huitwa shuwa. Huko Unguja, bokoboko la ngano na nyama hupikwa polepole na kupondwa mpaka huwezi kutenganisha ngano na nyama.

Hata sufuria ya umeme ya kupikia polepole, inayouzwa siku hizi madukani, ina asili ya namna hiyo. Fundi wa Chicago nchini Marekani, Irving Naxon, alipewa hataza ya chombo chake mwaka 1940. Alikuwa amesikia kwa mama yake habari za cholent, chakula cha nyama na maharage ambacho Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walikiacha usiku kucha katika tanuri la mwoka mikate, kwa kuwa siku ya Sabato hawakuruhusiwa kuwasha moto. Mwaka 1971 kampuni ya Rival ilikitoa sokoni chombo hicho kwa jina la Crock-Pot. Basi chombo ambacho leo Wamarekani wengi hukitumia kupikia nguruwe wa kuchambuka kilitokana na mapishi ya watu wasiokula nguruwe kabisa.

Kikapu kisicho na moto

Si kila nyumba yetu ina sufuria ya umeme, lakini kila nyumba yaweza kuwa na kikapu cha kuhifadhi joto. Chombo cha namna hiyo kutoka Norwe kilioneshwa katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1867, nacho kiliwasaidia watu wa Ulaya wakati wa uhaba wa nishati katika vita kuu mbili. Kwetu, ambako gunia la mkaa hula sehemu kubwa ya mshahara, manufaa yake ni dhahiri. Serikali nayo, mnamo Mei 2024, ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kikapu hakichukui nafasi ya gesi wala umeme, bali hupunguza matumizi ya chochote ulichonacho.

Tafuta kapu au tenga pana lenye uwezo wa kumeza sufuria yako pamoja na mito. Shona mito miwili ya kitambaa cha pamba na uijaze usufi, pamba au vipande vya godoro kuukuu. Mto mmoja uwe mkubwa wa kuzunguka chini na pembeni, na wa pili uwe wa kufunika juu. Unene wa mto usipungue upana wa kiganja. Kazi ya mito ni kulizuia joto lisitoke, kama vile blanketi linavyomzuia mtu asipatwe na baridi. Usitie kaa la moto ndani ya kikapu hata mara moja, maana utaunguza nyumba.

Namna ya kupika

Kwa familia ya watu sita au saba, nunua kilo 2 za nyama ya bega au shingo yenye mafuta kiasi. Utahitaji pia vitunguu maji 3, kichwa kimoja cha kitunguu saumu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, nyanya 4, kikombe kimoja cha maji ya ukwaju, kijiko kimoja kikubwa cha chumvi, kijiko cha chai cha pilipili manga, na kijiko kikubwa cha sukari au sukari guru. Ukwaju huo hukata mafuta na kuleta ladha ambayo wengine huitafuta katika siki.

Kata nyama vipande vya ukubwa wa ngumi. Tia katika sufuria ambayo vitu vyote vitaijaza kwa robo tatu, kwa sababu sufuria iliyojaa hutunza joto kuliko sufuria tupu. Weka viungo vyote na maji ya kufunika nyama. Saa 2 asubuhi injika motoni. Ikianza kuchemka, punguza moto, funika, na uiache ichemke polepole kwa dakika 45, ili joto liingie mpaka katikati ya kila kipande.

Saa 3 hivi, ikiwa bado yatokota, ipua kwa haraka, usiufunue mfuniko, na uitie ndani ya kikapu. Funika kwa mto wa juu. Sasa moto wako ni huru, na wewe pia u huru. Nenda kanisani, nenda sokoni, au katazame mgonjwa. Saa 7 mchana fungua. Sufuria lazima iwe ya moto kiasi cha kutoshikika kwa mikono mitupu, na mvuke utoke. Irudishe motoni, ichemke sawasawa kwa dakika 20. Choma kipande kwa uma: kikigawanyika chenyewe, kazi imekwisha. Kikikataa, kirudishe kikapuni kwa saa moja zaidi. Usikasirike wala usiongeze moto.

Hatimaye toa nyama, ichambue kwa uma mbili, acha mchuzi upungue motoni hata uwe mzito, kisha changanya. Italiwa kwa ugali, wali, ndizi za kuchemsha au ndani ya mkate, pamoja na kachumbari.

Mwenye sufuria ya umeme ya kupikia polepole atumie viungo hivyo hivyo, ila maji yawe kikombe kimoja tu. Aiache kwa moto mdogo saa 8 hadi 10 bila kufunua mara kwa mara. Chombo cha wati 200 kikiwaka saa 8 hutumia uniti 1.6, linganisha na bei ya mkaa ufanye hesabu mwenyewe. Asitie nyama iliyoganda kwa barafu. Na umeme ukikatika, aihamishie nyama mara moja kwenye jiko jingine. Akirudi nyumbani na kukuta umeme umekatika kwa muda asioujua, na sufuria imekuwa vuguvugu, chakula hicho kimwagwe. Chini ya nyuzi 60 vijidudu huanza kuzaliana, na hasara ya kilo 2 za nyama ni ndogo kuliko ya kuharisha nyumba nzima.

Jihadhari na tegu

Nguruwe aliyekula kinyesi cha binadamu mwenye tegu huota vifuko vyeupe ndani ya nyama, vyenye ukubwa kama wa punje za mchele au zaidi. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni. Hatari kubwa zaidi huja baadaye: mayai ya tegu hutoka kwa choo, na kwa mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa humwingia mtu mwingine, hata yule asiyekula nguruwe. Huko yaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Wataalamu wamelichunguza tatizo hili hapa nchini, mathalani Mbulu na Mbozi.

Basi nunua nyama katika bucha yenye kibali, na utazame mhuri wa mkaguzi. Ukiona vifuko vyeupe, usinunue hata kwa bei ya kutupa. Pika nyama mpaka katikati isibaki na uwekundu wowote; mchemko wa dakika 45 tuliousema hautakiwi kupunguzwa. Na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Hapo ndipo kinga inapoanzia.

Jirani yako

Limebaki jambo moja, nalo si dogo. Wengi wetu tunaishi katika nyumba za vyumba sita zenye ua mmoja, bomba moja na majirani wa dini mbalimbali. Waislamu na Wasabato hawali nguruwe. Mnamo Aprili 1993 maduka ya nyama ya nguruwe yalivunjwa hapa Dar es Salaam, na mji ukaingiwa na hofu. Hatupendi siku kama zile zirudi, na amani ya mtaa huanzia uani.

Kwa hiyo sufuria, kisu na ubao wa kukatia viwe vyako mwenyewe. Usiazime vya jirani. Usimwage maji ya kuoshea nyama karibu na bomba la wote. Na kabla ya kumkaribisha mtoto wa jirani mezani, jua kwao wanakula nini. Mtoto hajui kuuliza, na mzazi wake amekuamini. Kikapu chenyewe kitakusaidia, kwa kuwa hakitoi moshi wala harufu ya kutwa.

Tena, fanya zaidi. Mfundishe jirani yako kukishona kikapu hicho. Yeye atapikia kongoro, maharage au nyama ya mbuzi, naye ataokoa mkaa kama wewe.

Nawe baba, mshahara ujao, kabla hujaketi barazani, pitia bucha ununue kilo 2 za bega na uzipeleke nyumbani. Jumapili saa 8 mchana, mfuniko utakapofunuliwa mbele ya watoto, watajua kwamba harufu ile ya shati ilikuwa ya chakula ambacho nao wana haki nacho.