Ngozi ya Mbwa na Elimu ya Tabibu Wake

Mtu asikiapo kwamba daktari wa mifugo, aliyekwisha kusoma miaka mitano chuo kikuu na kuruhusiwa kutibu kila mnyama kuanzia kuku hata ng'ombe, hurudi tena masomoni kwa miaka mitatu au minne ili ajifunze magonjwa ya ngozi ya mbwa na paka, huenda akastaajabu. Ng'ombe afapo kwa ndigana kali, au kuku wa kijiji kizima wateketeapo kwa kideri, kaya hupata hasara inayohesabika. Je, mbwa anayejikuna mlangoni ana thamani gani hata atengewe bingwa wake? Swali hilo ni la haki, na jibu lake halianzii kwa mbwa bali katika ngozi yenyewe.

Ngozi ni kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Huzuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visiingie, na kwayo mnyama huhisi joto, maumivu na mguso. Mahali penye manyoya, tabaka la nje la ngozi ya mbwa lina safu chache tu za seli hai, nalo ni jembamba kuliko la binadamu, kwa kuwa manyoya hubeba sehemu ya kazi ya kinga. Seli huzaliwa chini, husukumwa juu, hufa, hugeuka magamba makavu na kupukutika. Kwa mbwa asiye na ugonjwa safari hiyo huchukua karibu wiki tatu. Maradhi yakiiharakisha, magamba huwa mengi kupita kiasi, nasi husema mbwa ana mba.

Ugumu wa taaluma hii watokana na jambo moja: ngozi ina njia chache mno za kuonyesha kwamba inaumwa, ilhali mambo yanayoweza kuiumiza ni mengi. Itakuwa nyekundu, itatoka vipele au usaha, itapukutisha nywele, itawasha, na ikiteseka kwa muda mrefu itanenepa na kuwa nyeusi. Basi, hayo ndiyo karibu yote iwezayo kufanya. Mbwa mwenye kipara ubavuni na anayejikuna usiku kucha aweza kuwa na utitiri, au viroboto, au kuvu, au bakteria, au mzio wa chakula, au mzio wa vumbi la nyumbani. Na mara nyingi huwa na mawili au matatu kwa pamoja, moja likiwa limemfungulia mlango jingine. Jicho peke yake, hata liwe la mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, halitoshi kuyatenganisha.

Kwa muda mrefu vyuo vya tiba ya wanyama havikulitilia jambo hili maanani. Chuo cha kwanza cha aina hiyo kilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, na hamu ya watawala ilikuwa farasi na ng'ombe. Ilipofika mwaka 1969 ndipo Wamarekani wawili, George Muller na Robert Kirk, walipotoa kitabu kikubwa kilichohusu ngozi za wanyama wadogo tu. Mwaka 1982 chombo cha mabingwa wa ngozi za wanyama kilitambuliwa rasmi huko Marekani; mkutano wa kwanza wa dunia wa taaluma hiyo ulifanyika Dijon, Ufaransa, mwaka 1989; na mabingwa wa Ulaya wakaunda chombo chao mwaka 1992. Kwa kawaida, anayetaka ubingwa hufanya kwanza kazi ya jumla hospitalini kwa mwaka mmoja, kisha hukaa miaka mitatu hivi chini ya bingwa, akiona wagonjwa mchana na kusoma usiku. Hufanya utafiti na kuuchapisha, halafu hukabiliwa na mtihani ambao, pamoja na maandishi, humtaka atazame vipande vya ngozi kwenye hadubini na kueleza alichokiona.

Lakini hayo ni maumbo ya nje ya elimu hiyo. Kiini chake ni kujifunza mpango wa kushuku: ni lipi lishukiwe kwanza, lithibitishwe au likanushwe kwa njia gani, na ni wakati gani daktari ana haki ya kusema "hapana".

Tuchukue utitiri. Wako wa namna mbili wanaomsumbua mbwa zaidi. Wa kwanza ni Sarcoptes scabiei, asababishaye upele. Jike lake huchimba handaki katika magamba ya juu ya ngozi na kutaga mayai humo. Na toka yai mpaka mdudu mzima hupita wiki mbili mpaka tatu. Wa pili ni Demodex canis, mwembamba kama sigara, aishiye ndani ya vifuko vya nywele. Huyu si mgeni: karibu kila mbwa anao wachache, aliowapata kwa mama yake siku za mwanzo za kunyonya, na huleta ugonjwa pale tu kinga ya mwili inapolegea. Wa kwanza huambukiza mbwa wengine na huweza kumwasha mtu. Wa pili hamwambukizi mtu.

Wote wawili hutafutwa kwa kukwangua ngozi kwa wembe butu uliopakwa mafuta, kisha kutazama makwangua kwenye hadubini. Hapa ndipo tofauti kati ya fundi na mwanagenzi huonekana. Demodex yu ndani, kwa hiyo ngozi hubinywa kwanza na kukwanguliwa mpaka damu ianze kuchungulia. Akiwapo, karibu sikuzote ataonekana. Sarcoptes yu juu, kwa hiyo hukwanguliwa eneo pana bila kuzama, hasa ukingo wa sikio na kiwiko. Lakini utitiri kumi au ishirini watosha kumtesa mbwa mzima, na wembe waweza kupita kando yao wote. Kwa hiyo makwangua yasiyo na kitu yana maana mbili tofauti: kwa Demodex yakaribia kuwa jibu, kwa Sarcoptes si jibu hata kidogo. Daktari aliyefundishwa vema atausugua ukingo wa sikio la mbwa kati ya vidole vyake, aone kama mguu wa nyuma utaanza kujikuna wenyewe. Mbwa wengi wenye upele hufanya hivyo. Ikiwa dalili zinakubaliana, atamtibu kwa upele ingawa hakumwona mdudu hata mmoja.

Choa nayo ina mitego yake. Kuvu iitwayo Microsporum canis hupenda paka kuliko mbwa, na paka mwenye manyoya marefu aweza kuibeba pasipo kidonda chochote, huku watoto wa nyumba hiyo wakitoka mashilingi mikononi na vichwani. Iko taa ya miale ya urujuanimno iliyobuniwa na mwanafizikia wa Marekani, Robert Wood, mwaka 1903. Nywele zilizoingiliwa na kuvu hii huweza kung'aa chini yake kwa rangi ya kijani ya tufaha bichi. Huweza, nasema, kwa sababu baadhi ya aina za kuvu hiyo hazing'ai, na magamba na marhamu hung'aa kwa rangi nyingine na kuwadanganya wasiojua.

Njia iliyo bora zaidi ni kuotesha. Mnyama husuguliwa kwa mswaki mpya, nao hugandamizwa juu ya chakula cha kuvu kilichotiwa kemikali ya fenoli nyekundu, ambayo wanafunzi wa kemia waijua: ni ya manjano katika asidi, nyekundu katika alkali. Kuvu za choa huanza kula protini, na mabaki yake huwa alkali, hivyo chakula hugeuka chekundu kadiri koloni nyeupe inavyoanza kuota. Kuvu za kawaida za udongoni hula sukari kwanza, na hugeukia protini baadaye, baada ya koloni kukua. Kwa hiyo anayeitazama sahani yake kila siku kwa wiki mbili atajua ipi ni ipi. Anayeitazama mara moja siku ya mwisho atakuta nyekundu kila mahali. Hata hivyo jibu halikamiliki mpaka kuvu yenyewe ionekane kwenye hadubini.

Vimelea na kuvu vikiisha kukanushwa ndipo hufikiwa mzio, na hapo hakuna kipimo kimoja cha maabara kitoacho jibu. Mzio wa chakula hujulikana kwa kumlisha mbwa protini ambayo hajapata kuila, kwa muda wa wiki nane hivi, bila hata mfupa wa jirani, kisha kumrudishia chakula cha zamani na kuona kama muwasho utarudi. Jaribio hili ni rahisi kuandika kwenye daftari na gumu kutekeleza nyumbani, hasa penye watoto wenye huruma.

Sasa tuone gharama ya kutokujua. Dawa za jamii ya kortisoni hutuliza karibu kila muwasho, kwa chochote kiusababishacho. Mbwa huchomwa sindano leo, na kesho amelala usingizi. Mwenyewe hufurahi, daktari husifiwa. Lakini dawa hizo hupunguza nguvu za kinga. Ikiwa chanzo kilikuwa choa, kuvu huenea; ikiwa ni Demodex, aliyekuwa na doa moja usoni huishia kuwa na vidonda mwili mzima. Nami naona kwamba sindano hii, inayotolewa kabla ya kukwangua ngozi, imewaharibu mbwa wengi kuliko ugonjwa wowote ulioukusudiwa.

Ivamektini ni mfano mwingine. Dawa hii iliwapatia William Campbell na Satoshi Ōmura Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na inastahili sifa zake. Inayouzwa kwa ng'ombe huwa na miligramu 10 katika kila mililita. Mbwa wa kilo 10, akipewa maikrogramu 200 kwa kila kilo, ahitaji miligramu 2, yaani mililita 0.2 tu. Anayekisia kwa jicho na kumpa mililita 2 amempa mara kumi. Tena wako mbwa, hasa wa ukoo wa koli, waliorithi kasoro katika jeni moja, iliyogunduliwa mwaka 2001, ambayo huifanya dawa hiyo ipenye ubongoni. Kwao hata kipimo cha upele chaweza kuua. Dawa mpya za vidonge zilizoanza kuuzwa mwaka 2013 na 2014 zimeufanya upele uwe mwepesi kutibu zaidi, japo bei yake bado ni kubwa kwa wengi wetu.

Kuhusu bakteria, yule wa kawaida katika ngozi ya mbwa, Staphylococcus pseudintermedius, alitambuliwa kuwa jamii ya pekee mwaka 2005, na tangu miaka hiyo aina zake zisizosikia dawa nyingi za antibiotiki zimeenea katika nchi mbalimbali. Sababu mojawapo ni kutibu usaha tena na tena bila kukigusa kiini, labda viroboto, kilichouleta.

Wala habari hizi haziishii kwa mbwa. Mwaka 1996 upele uliwashika gorila wa msitu wa Bwindi, Uganda, na mtoto mmoja wa gorila akafa. Wengine walipona kwa ivamektini. Aliyeshughulikia mkasa huo ni Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka, na ilishukiwa kwamba utitiri ulitoka kwa watu na nguo zao. Mkono uliojifunza kukwangua ngozi ya mbwa utakwangua ya mbuzi na ya ng'ombe vilevile. Ugonjwa wa ng'ombe wa Dermatophilus congolensis, ambao jina lake lakumbusha kwamba ulielezwa mara ya kwanza nchini Kongo mwaka 1915, huthibitishwa kwa kigaga kimoja, tone la maji, rangi kidogo na hadubini.

Katika Afrika Mashariki madaktari wa mifugo hufundishwa Kabete katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Makerere, na Morogoro katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoanzishwa mwaka 1984. Mtaala wa shahada ya kwanza una mambo mengi, na haki ya ngozi humo ni saa chache. Sidhani kwamba kila mkoa wahitaji bingwa wa ngozi. Wanaohitajika ni wachache watakaorudi kufundisha wengine, kwani vifaa vya kazi hii si vya anasa: hadubini ya kawaida, wembe, mafuta, vioo vyembamba, na utepe wa gundi ulio angavu ambao hubandikwa juu ya ngozi, hutiwa rangi na kutazamwa ili kuonyesha bakteria na hamira. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa kando ya mwanafunzi na kumwonyesha mara mia moja kwamba kile anachokiita utitiri ni kiputo cha hewa.

Jaribio moja liko ndani ya uwezo wa darasa la baiolojia. Mchane mbwa kwa kitana chenye meno ya karibukaribu, na vumbi lianguke juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Zitazameni chembe nyeusi kwa dakika chache. Chembe itakayozungukwa na duara la wekundu wa kahawia ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa iliyokwisha kupita tumboni mwake. Isiyobadilika ni udongo. Mbwa huyo awe amezoea kushikwa na amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na wote walioshiriki wanawe mikono kwa sabuni.