Sonona ya Uzeeni na Huduma ya Mchungaji

Katika kupeleka Chakula cha Bwana majumbani, mara nyingi tunamkuta mzee aliyejikunyata kimya. Akiulizwa jambo, hujibu, “Sijui.” Jamaa husema akili zimekwenda kwa sababu ya umri. Kauli hiyo yapasa ipimwe. Uchunguzi wa wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikadiria wenye dimensia, yaani maradhi yanayodhoofisha akili na kumbukumbu, kuwa asilimia 6.4. Basi uzee peke yake hauondoi akili.

Yako maradhi mengine yanayofanana na hayo kwa sura, nayo ni sonona. Mwaka 1961 daktari Leslie Kiloh aliandika juu ya wagonjwa waliodhaniwa kuwa na dimensia, kumbe baadhi yao walikuwa na sonona, na walipotibiwa fahamu zao zilirudi. Mwenye sonona aghalabu hulalamika mwenyewe kwamba amesahau, naye hukata tamaa ya kujibu kabla hajajaribu. Mwenye dimensia mara nyingi hubahatisha jibu, au hukana kuwa ana shida. Sonona huingia kwa majuma au miezi, pengine baada ya kufiwa. Dimensia kwa kawaida huja kwa miaka. Lakini alama hizi si kipimo kamili, kwa maana maradhi yote mawili yaweza kumpata mtu mmoja, na sonona inayoanza uzeeni yaweza kuitangulia dimensia. Kwa hiyo daktari ahusishwe.

Kosa letu watumishi ni kuiita hali hiyo upungufu wa imani. Mgonjwa wa sonona tayari anajihukumu. Karipio letu huzidisha mzigo, na kwa mtu anayetamani kufa laweza kuwa la hatari. Katika 1 Wafalme 19 Eliya aliomba afe. Malaika hakumkemea: alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, ndipo safari ikafuata.

Mchungaji na aulize waziwazi: je, mzee bado anafurahia alichokipenda? Anaona maisha yake hayana maana? Anatamani kufa? Swali hili la mwisho halipandi wazo jipya, hufungua kinywa. Dawa za sonona huchukua majuma kadhaa kuleta nafuu, na familia nyingi huziacha mapema zikidhani hazifai. Ziara ya juma la pili na la tatu ina kazi kuliko ile ya kwanza.