MAKINDA WA NDEGE KATIKA BUSTANI ZA NYUMBA NA OFISI

Wananchi wa Unguja na Pemba, pamoja na watumishi wa Serikali wanaokaa katika nyumba zenye bustani, wanaelezwa namna ya kuwatendea makinda wa ndege wanaookotwa chini ya miti, hasa nyakati za Masika na Vuli, wadudu wanapokuwa wengi.

Ndege wanaojenga karibu na watu ni shore, chozi, tetere na mnana. Chozi hutundika kiota chake mfano wa kifuko, pengine hata kwenye waya wa barazani. Tetere huweka vijiti vichache tu juu ya panda la mti, na si ajabu upepo ukaviangusha.

Kinda aliyeota manyoya na anayerukaruka hakupotea. Makinda wa shore hutoka kiotani kabla hawajaweza kuruka vyema, na wazazi wao huendelea kuwalisha vichakani. Kumtia ndani ya nyumba ni kumtenga na wazazi hao. Inatosha kumwondoa njiani, kumweka katika kichaka kilicho karibu, na kumfungia paka.

Kinda asiye na manyoya arejeshwe kiotani. Imani iliyoenea kwamba ndege humtupa mwanawe aliyeguswa na binadamu haina msingi. Kiota kikiwa kimevunjika, kifuu cha nazi kilichotobolewa chini na kutandikwa majani makavu kifungwe pale pale, kisha wazazi waangaliwe kwa mbali. Mwenye kumshika aoshe mikono kwa sabuni.

Kinda asitiwe maji mdomoni. Tundu lake la pumzi lipo nyuma ya ulimi, na tone moja huweza kuingia mapafuni. Huruma ya namna hii huua. Wali, mkate na maziwa navyo havifai. Shore hulisha wanawe wadudu, na tetere huwapa uji mzito unaotoka katika kifuko cha kooni mwake.

Adui mkubwa wa makinda hawa ni kunguru wa India, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Hula mayai na makinda pia. Kampeni ya miaka ya 1990 iliwapunguza sana kunguru hao, lakini baadaye waliongezeka tena, kwani jaa lililo wazi ndilo linalowalisha. Mwenye kufunika taka zake huwasaidia shore na chozi kuliko mwenye kuokota makinda.

Wakuu wa ofisi wanaoagiza miti ipogolewe wahakikishe kwanza kwamba matawi hayana viota. Tangu shore au tetere kutaga hadi makinda kutoka ni takriban mwezi mmoja, na kazi nyingi za bustani zinaweza kungoja muda huo, isipokuwa tawi linalogusa nyaya za umeme au linalotishia kuwaangukia watu.