KITUFE NA KIOO: JE, VIDHIBITI VYA MGUSO VICHUKUE NAFASI YA VITUFE VYA KIPAKATALISHI?

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza suala ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, laweza kuonekana kuwa la mafundi wa mitambo wala si la wanaisimu: je, yafaa vitufe vya kubonyezwa viondolewe katika vipakatalishi, na mahali pake pachukuliwe na vidhibiti vya mguso, yaani uso laini wa kioo unaoitikia kidole pasipo kitu chochote kushuka wala kupanda? Sababu ya kulileta suala hili mbele ya wasomaji wa jarida hili ni kwamba kazi yetu sote, iwe ni kunukuu ngano zilizorekodiwa nyanjani, kuhariri kamusi au kusahihisha tasnifu, hupitia katika ncha za vidole. Chombo kikibadilika, kazi nayo hubadilika. Na mara nyingi chombo hubadilishwa na watu ambao hawakuzifikiria lugha zetu hata kidogo.

Aghalabu idara hununua vyombo hivi kwa kutazama bei, uzito na ukubwa wa hifadhi. Nitajaribu kuonyesha kwamba swali la kitufe nalo lastahili kuulizwa kabla ya fedha kutolewa.

2. Istilahi na dhana

Yafaa tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kuzipambanua dhana ambazo mjadala huu huzichanganya. Kitenzi 'bonyeza' ni kauli ya kusababisha ya 'bonyea', yaani kudidimia au kuingia ndani kwa kusukumwa. Embe lililoiva hubonyea, na mnunuzi sokoni hulibonyeza ili apate habari: kidole chake hutoa nguvu, na embe humjibu. Kitenzi 'bofya', ambacho siku hizi hutumiwa sana katika lugha ya tarakilishi, nacho kina asili iyo hiyo ya kujaribu ulaini wa kitu kwa vidole. 'Gusa' ni tofauti. Anayegusa hukutana na uso wa kitu tu, wala halazimiki kukisogeza. 'Papasa' ni kugusa huku na huku kwa kutafuta, hasa gizani.

Kitufe, ambacho ni udogo wa 'tufe', hufanya kazi kwa kubonyea. Katika kipakatalishi cha kawaida kitufe hushuka kiasi cha milimita moja au zaidi kidogo. Katikati ya safari hiyo fupi kidole huhisi ukinzani, kisha ukinzani huo huachia ghafla, na mwandishi akajua kwamba amri yake imepokewa. Kidhibiti cha mguso hufanya kazi kwa njia nyingine. Chini ya kioo umetandazwa wavu wa nyuzi nyembamba mno zenye chaji ndogo ya umeme. Kidole cha binadamu hupitisha umeme. Kwa hiyo kinapoufikia uso wa kioo huibadilisha chaji ile, na mashine ikatambua mahali kilipo. Ni dhahiri basi kwamba wavu huo haupambanui kwa urahisi kidole kinachoamuru na kidole kilichopumzika tu. Kitufe hupambanua, kwa kuwa kina uzito wake wa kushindwa kabla hakijaitikia.

3. Historia kwa ufupi

Mpangilio wa herufi tunaoutumia leo ulitokana na mashine ya kupiga chapa ya Christopher Latham Sholes, ambayo kampuni ya Remington ilianza kuiuza nchini Marekani mnamo 1874. Kwa miaka kadhaa watu walipiga chapa kwa kutazama vidole vyao. Mwaka 1888, katika mji wa Cincinnati, karani wa mahakama aitwaye Frank McGurrin alimshinda mpinzani wake hadharani kwa kupiga chapa bila ya kutazama vitufe, na mtindo wake ukasambaa. Tangu hapo kupiga chapa kukawa kazi ya vidole, na macho yakaachiwa maandishi. Vinundu viwili vidogo vilivyomo juu ya herufi F na J katika kibodi zetu ni alama za desturi hiyo: kidole cha shahada cha kila mkono huvitafuta, na vidole vingine vyote vikajua mahali pake.

Si mara ya kwanza kwa uso bapa kujaribiwa. Tarakilishi ya Atari 400 ya mwaka 1979 na Sinclair ZX81 ya mwaka 1981 zilikuwa na kibodi bapa zisizo na vitufe vya kushuka. Hizo hazikuwa za mguso kwa maana tuliyoieleza, maana zilidai kusukumwa. Lakini zilikuwa rahisi kutengenezwa na rahisi kupanguswa, na waliozitumia kwa kuandika maandishi marefu walizichoka. Mnamo 1982 kampuni ya Sinclair yenyewe ilitoa Spectrum yenye vitufe vya mpira.

Katika zama zetu jaribio lililojulikana sana ni lile la Apple. Mwezi wa Oktoba 2016 kampuni hiyo iliondoa safu ya vitufe vya F1 hadi F12, pamoja na kitufe cha Esc, katika baadhi ya vipakatalishi vyake vya MacBook Pro, ikaweka ukanda mwembamba wa mguso ulioitwa Touch Bar, ambao picha zake zilibadilika kulingana na programu inayotumiwa. Mwaka 2019 kitufe cha Esc kilirudishwa. Mwaka 2021 aina mpya za inchi 14 na 16 zilitolewa zikiwa na safu nzima ya vitufe, na mwaka 2023 aina ya mwisho yenye ukanda huo ikaacha kuuzwa. Lenovo ilikuwa imekwisha kuipitia njia iyo hiyo: ThinkPad X1 Carbon ya mwaka 2014 ilikuwa na ukanda wa mguso, na ile ya mwaka 2015 ikarudishiwa vitufe. Tena, mwaka 2023 Lenovo ilitoa Yoga Book 9i yenye skrini mbili na isiyo na kibodi ya kudumu. Lakini ndani ya sanduku lake iliwekwa kibodi ya vitufe, ili mnunuzi aiweke juu ya kioo atakapo kuandika. Msomaji na apime mwenyewe maana ya ushahidi huo.

4. Hoja za wanaoutetea mguso

Si haki kuzipuuza hoja za upande wa pili. Kwanza, uso wa kioo hauna sehemu zinazosogea. Vumbi haliingii chini yake, na kwa hiyo hauchakai kama kitufe. Kwa mtafiti anayefanya kazi katika maeneo makavu hoja hii si ndogo. Pili, kioo hubadilika: kinaweza kuonyesha amri za kamusi leo na amri za ramani kesho. Tatu, wanafunzi wetu wengi wameanza kuandika kwa simu za mguso kabla ya kuikaribia kibodi, na huandika kwa kasi ya kustaajabisha. Nne, mguso waweza kupewa hisia ya bandia: tangu 2015 kipo kibao cha kipanya katika vipakatalishi vya Apple ambacho hakishuki hata kidogo, bali hutikiswa na sumaku za umeme, na kidole kikadanganyika kwamba kimebonyeza.

Hoja ya nne ndiyo yenye uzito zaidi kwa fundi, lakini haitoshi. Mtikisiko huja baada ya kidole kufika, ilhali kitufe humwambia mwandishi mahali kilipo kabla hajakibonyeza: kina kingo, kina pengo baina yake na jirani yake, na hakihami.

5. Hoja ya jicho

Anayenukuu masimulizi ya mzee wa Kimvita huwa na kazi tatu kwa wakati mmoja. Sikio husikiliza kanda, jicho hufuata maandishi au daftari la nyanjani, na mkono huandika huku ukisimamisha na kurudisha sauti kila baada ya maneno machache. Katika saa moja ya sauti huenda akaisimamisha mara mamia. Ikiwa amri ya kusimamisha imo katika kitufe kisichohama, kidole huiendea chenyewe. Ikiwa imo katika picha juu ya kioo, hana budi kuondoa jicho katika maandishi, atazame chini, aguse, kisha arudi kutafuta mstari aliouacha. Kila safari ni fupi, lakini haba na haba hujaza kibaba. Na aliyezoea kazi hii anajua kwamba ni katika kutafuta mstari ndipo silabi hupotea na kiambishi kikaandikwa visivyo.

Kwa msomi asiyeona suala hili halihusu wepesi tu. Mwanafunzi wangu mmoja asiyeona huendesha kipakatalishi chake kwa vitufe peke yake, huku programu ya kusoma kwa sauti ikimtajia yaliyomo kwenye skrini. Ni kweli kwamba zipo njia za kumsomea asiyeona hata picha za kioo: hupapasa hadi asikie jina la amri aitakayo, kisha hugonga mara mbili. Lakini hizo ni hatua mbili badala ya moja, na kupapasa, kama tulivyoeleza, ni kutafuta. Vitufe humweka sawa na wenzake darasani. Kioo humrudisha nyuma yao.

Hasara yaweza kuwa kubwa kuliko silabi. Mwezi wa Agosti 2017 manowari ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, na mabaharia 10 wakafa. Sababu zilikuwa kadhaa, ukiwemo upungufu wa mafunzo. Lakini uchunguzi ulitaja pia mpangilio wa vidhibiti vya skrini ya mguso ambavyo viliwachanganya waendeshaji, na mwaka 2019 jeshi la majini likaamua kurudisha mitambo ya kushikwa kwa mkono ya kuongozea mwendo. Kipakatalishi si manowari, lakini mkono na jicho ni vile vile.

6. Hoja ya lugha

Nimeiweka hoja hii mwisho kwa kuwa ndiyo inayotuhusu sisi zaidi. Anayeandika kwenye kioo hukosea mahali mara kwa mara, kwa kuwa hana kingo za kumwongoza. Ili kumsaidia, programu hukisia neno alilokusudia kwa kulilinganisha na akiba yake ya maneno. Kasi ya wanafunzi wetu katika simu yatokana kwa sehemu na ukisiaji huo. Swali ni hili: programu hukisia kwa lugha gani?

Katika Kiingereza, ambacho maneno yake hayabadiliki sana umbo, akiba ya maneno hutosha. Katika Kiswahili mzizi mmoja wa '-som-' hutupa 'nimekisoma', 'sitakisoma', 'kilichosomwa', 'walivyosomeshwa', na mengine mengi yasiyoweza kuorodheshwa yakaisha. Akiba ya maneno mazima haiwezi kuyameza yote; na pale ambapo programu haikuandaliwa vyema, 'sana' na 'kama' hugeuzwa kuwa maneno ya Kiingereza mbele ya macho ya mwandishi. Kama hali ni hiyo kwa Kiswahili chenye mamilioni ya wasemaji, sembuse lugha ndogo za pwani na bara ambazo maandishi yake ni machache? Kitufe hakikisii. Aliyebonyeza 'k' hupata 'k', awe anaandika Kiingereza au Kipokomo.

Hapa mtetezi wa mguso atasema kwamba kioo chaweza kumchorea Mgĩkũyũ au Mkamba herufi zake za ĩ na ũ, ambazo hazikuchorwa katika kibodi zinazouzwa madukani. Hoja hiyo ni nzuri, ila haitulazimishi kuviacha vitufe. Herufi iliyochorwa juu ya kitufe ni alama tu. Herufi itakayotokea huamuliwa na programu, na mpangilio wenye ĩ na ũ waweza kuwekwa katika kipakatalishi chochote. Baada ya majuma machache vidole huizoea njia mpya, kwa sababu vitufe havihami. Kinachohitajika ni idara zetu kuiandaa na kuisambaza mipangilio hiyo, kazi ambayo haidai kiwanda.

7. Hitimisho

Kutokana na tuliyoyaeleza, maoni yangu ni kwamba vidhibiti vya mguso vikubaliwe kuwa nyongeza, wala visiwe badala ya vitufe. Skrini inayoguswa yafaa kwa kuchagua, kukuza picha na kupitisha kurasa, shughuli ambazo jicho limo ndani yake tangu mwanzo. Lakini herufi zote, kitufe cha Esc, safu ya F na amri za sauti zibaki kuwa vitufe vya kubonyea, kwa kuwa hizo ni kazi za mkono usiotazamwa. Kamati za ununuzi nazo zingefanya vyema kumwita mmoja wa wanukuzi wa idara, na msomi asiyeona ikiwa yupo, wakijaribu chombo kabla ya kukilipia. Jaribio la dakika kumi litawafunza mengi kuliko karatasi ya muuzaji.

Kuhusu istilahi, napendekeza jina 'kitufe' litumiwe kwa kile kinachobonyea peke yake, na sehemu ya kioo inayoitikia kidole iitwe 'kiguso'. Tukiyatenga majina haya mawili, hata anayeandika orodha ya ununuzi atalazimika kusema ni kipi anachokitaka.