Kijana Bora, Nyumba Mbovu

Usiku wa kuamkia Ijumaa, 28 Aprili 2017, saa za kwetu zilipotimia tisa, mjini Philadelphia ilikuwa ndiyo kwanza saa mbili usiku wa Alhamisi, na umati ulikuwa umejaa mbele ya ngazi za jumba la makumbusho ya sanaa kusubiri majina ya drafti. Jina la pili kusomwa lilikuwa la Mitchell Trubisky. Chicago Bears walikuwa na zamu ya tatu, na ili wasogee nafasi moja tu waliwapa San Francisco 49ers zamu nyingine tatu juu ya ile yao. Zamu ya tisa, Cincinnati Bengals wakamchukua John Ross, kijana aliyekuwa ametoka kukimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22, rekodi ya majaribio ya Indianapolis wakati ule. Zamu ya kumi, Kansas City Chiefs, waliokuwa wamelipa ili wapande kutoka nafasi ya 27, wakamchukua Patrick Mahomes.

Tangu hapo kisa hicho kinasimuliwa kwa namna moja: Chicago walikuwa vipofu, Kansas City walikuwa na macho. Mahomes ameshinda Super Bowl, fainali ya ligi, mara tatu na amekuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili. Trubisky aliondoka Chicago baada ya misimu minne. Nami nimekisimulia hivyo hivyo kwa miaka. Siku hizi naona kwamba hiyo ni nusu ya habari tu. Nusu iliyobaki, ambayo kwangu ndiyo nzito, ni nyumba ambayo kila kijana alifikia.

Drafti ninayoizungumzia si ile ya vizibo inayochezwa barazani. Ni utaratibu ambao ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, huutumia kuwagawa vijana wanaotoka vyuo vikuu. Hakuna klabu inayomwendea kijana na mkoba wa fedha, kama Simba na Yanga wanavyogombea mshambuliaji dirisha la usajili likifunguliwa. Timu ni 32, raundi ni saba, na kwa siku tatu za mwishoni mwa Aprili husomwa majina zaidi ya 250. Timu iliyoshika mkia hutangulia kuchagua. Bingwa hungoja hadi mwisho wa raundi. Zamu yenyewe ni mali, huuzwa na kubadilishwa, hata ile ya mwaka ujao ambayo haijulikani bado itaangukia nafasi gani. Na kijana akishatajwa, ni timu hiyo peke yake yenye haki ya kuzungumza naye mkataba.

Aliyeleta wazo hilo mwaka 1935 ni Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles. Timu yake ilikuwa ikipigwa kila wiki, huku vijana wazuri wakikimbilia klabu chache zenye fedha na jina. Bell aliwashawishi wenzake kwamba ligi ina nguvu sawa na timu yake iliyo dhaifu kuliko zote, na Februari 1936 drafti ya kwanza ikafanyika katika hoteli ya Ritz-Carlton mjini humo humo Philadelphia. Naliheshimu wazo hilo. Kwa sababu yake Green Bay, mji wa watu laki moja na kidogo, unaweza kuwa na timu inayoutazama New York usoni. Mtu aliyezoea ligi ambazo bingwa hujulikana kwa kuhesabu fedha za wamiliki ataelewa thamani ya jambo hilo.

Lakini ndani yake mna gharama ambayo sisi washabiki hatuitaji, na anayeilipa ni kijana. Mwenye kipaji kuliko wote mwaka ule hupelekwa, kwa kanuni, kwenye nyumba iliyo mbovu kuliko zote. Timu haishiki mkia kwa bahati mbaya tu. Mara nyingi ukuta wake wa mbele unavuja, kocha wake yuko mguu mmoja nje, mmiliki wake hana subira. Humo ndimo anamotupwa kijana wa miaka 21 au 22, na siku hiyo hiyo anavishwa jezi na kuitwa mwokozi.

Anayeumia zaidi ni kwotabeki, kama Trubisky na Mahomes, yule anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua aurushe wapi. Maisha yake yamo mikononi mwa wanaume watano wakubwa wanaosimama mbele yake, ule ukuta, kuwazuia maadui. Wakishindwa, anaangushwa chini kabla hajaachia mpira. Mwaka 2002 Houston Texans, timu mpya kabisa, walipewa zamu ya kwanza wakamchukua David Carr wa Chuo Kikuu cha Fresno State. Mlinzi aliyetarajiwa kumkinga, Tony Boselli, waliyempata katika mgawo maalumu wa kuanzisha timu, alikuwa na majeraha ya bega na hakuwahi kuichezea Houston hata mechi moja. Msimu huo Carr aliangushwa mara 76, rekodi ya ligi ambayo hakuna aliyetamani kuivunja. Mwaka 2005 akaangushwa tena mara 68. Alipoachwa mwaka 2007, watu walisema hana utulivu, kwamba anaharakisha na kuogopa kishindo. Mtu aliyeangushwa hivyo kwa misimu mitano atatulia vipi?

Mfano unaonigusa kuliko wote ni wa Alex Smith. Yeye alikuwa wa kwanza kuchaguliwa mwaka 2005, na San Francisco, nyumba ambayo wakati ule haikuwa na mwelekeo. Misimu yake minne ya kwanza, kila msimu uliletwa kocha mpya wa mashambulizi, na kila kocha akaja na kitabu chake na lugha yake. Ni kama mwanafunzi anayebadilishiwa mtaala kila Januari halafu analaumiwa kwa kufeli mtihani wa Novemba. Mwaka ule ule, kijana aliyeshuka hadi zamu ya 24, Aaron Rodgers, alikaa misimu mitatu Green Bay nyuma ya Brett Favre akijifunza. Miaka kadhaa washabiki walimtaja Smith kama kosa na Rodgers kama lulu iliyookotwa. Baadaye Smith alihamia Kansas City, akakutana na Andy Reid, kocha mwenye subira, akawa mchezaji imara anayeshinda mechi.

Na ni huyo Smith aliyekuwa Kansas City Mahomes alipofika mwaka 2017. Alijua wazi kwamba kijana yule ameletwa kuchukua nafasi yake, na bado alimkaribisha, akamwonyesha jinsi ya kuandaa wiki ya mechi na kusoma ulinzi wa wapinzani. Mahomes mwenyewe ameshukuru hadharani mara nyingi. Msimu mzima Mahomes alianza mechi moja tu, ile ya mwisho ugenini Denver. Huyo ndiye tunayesema alizaliwa bingwa! Alizaliwa na mkono wa ajabu, sawa. Lakini pia alipewa mwaka wa kukosea mazoezini bila kuzomewa, pamoja na kocha aliyebaki pale pale na kaka aliyekwisha kuungua moto ule ule. Trubisky alianza kucheza Chicago mechi ya tano ya msimu wake wa kwanza, na msimu ulipoisha kocha akafukuzwa. Sidai kwamba mngewabadilisha nyumba Trubisky angekuwa na Super Bowl tatu. Nadai kwamba hatuna haki ya kuwapima kana kwamba walitembea njia moja.

Tunapenda sana kupima, na ndiyo maana tunaamini tunajua. Kila mwaka vijana hupelekwa Indianapolis wapimwe mbio, miruko, hata upana wa kiganja. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, walichunguza uchaguzi wa miaka mingi. Walipomlinganisha mchezaji na yule aliyechaguliwa baada yake katika nafasi ile ile ya uwanjani, aliyetangulia alikuwa bora kwa kiasi cha asilimia 52 tu ya mara. Shilingi ikirushwa hewani hutoa 50. Hata hivyo timu huendelea kutoa zamu tatu au nne kumpata mtu mmoja, zikiamini kwamba zenyewe zinaona wengine wasichokiona.

Kuna hoja dhidi yangu, na si ndogo. San Francisco hao hao mwaka 2021 walitoa zamu zao za raundi ya kwanza za miaka miwili iliyofuata, pamoja na nyongeza, ili wapande kutoka nafasi ya 12 hadi ya tatu na kumchukua Trey Lance. Mwaka 2022, kwa zamu ya 262, ya mwisho kabisa, wakamchukua Brock Purdy. Nyumba ni moja, kocha ni mmoja. Purdy aliongoza timu hiyo hadi Super Bowl ya Februari 2024. Lance alikuwa ameshapelekwa Dallas kwa zamu ya raundi ya nne. Basi nyumba siyo kila kitu. Lance alivunjika kifundo cha mguu mechi ya pili ya 2022, na kabla ya hapo alikuwa amecheza mechi chache mno chuoni. Nyumba nzuri haimponyi kila anayeingia. Ila fikiria Purdy angeangukia kwingine: mtu wa zamu ya 262 kwenye timu iliyovurugika asingefikia hata kuvaa viatu siku ya mechi.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwangu haumhusu kwotabeki. Mwaka 2018 Philadelphia Eagles, kwa zamu ya 233, walimchagua Jordan Mailata, mcheza raga wa Australia ambaye hakuwa amewahi kucheza mechi hata moja ya futiboli ya Kimarekani. Wakenya wanaikumbuka safari ya aina hiyo ya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupitia drafti. Mailata alikaa misimu miwili bila kucheza, chini ya Jeff Stoutland, mwalimu wa ukuta wa mbele anayesifika kuliko karibu wote katika kazi hiyo. Mwaka 2020 akaingia uwanjani. Februari 2025 alikuwa mlinzi wa kushoto wa timu iliyowafunga Kansas City 40 kwa 22 katika Super Bowl. Hakuna kipimo cha Indianapolis ambacho kingemweka hapo.

Kwa hiyo ninapowasikia wachambuzi asubuhi baada ya drafti wakizipa timu alama kama za darasani, najiuliza wanasahihisha karatasi gani, maana mtihani haujafanywa. Mwaka 2023 Detroit Lions walikosolewa vikali kwa kumchukua mkimbiaji Jahmyr Gibbs zamu ya 12 na mlinzi Jack Campbell zamu ya 18. Januari iliyofuata Detroit walicheza fainali ya kanda yao, mara ya kwanza tangu msimu wa 1991.

Kuhusu haki ya kijana, msimamo wangu ni huu. Mwaka 1978 mahakama ya rufani mjini Washington iliona kwamba drafti kama ilivyofanywa mwaka 1968 ilivunja sheria za ushindani. Leo inasimama kwa sababu chama cha wachezaji kimeikubali katika mkataba wa pamoja. John Elway mwaka 1983 na Eli Manning mwaka 2004 walikataa timu zilizowachagua, wakahamishwa, na wakaitwa majeuri. Siwaiti hivyo. Walikuwa wakichagua nyumba, jambo ambalo kila kijana mwenye kazi mbili mezani hulifanya bila kuulizwa.

Turudi Chicago, kwa kuwa huko kisa kimejikunja vizuri kuliko ambavyo ningeweza kukipanga. Mwaka 2023 Bears walikuwa na zamu ya kwanza wakaiuza kwa Carolina Panthers. Carolina walilipa zamu nne, na juu yake DJ Moore, mpokeaji wao bora. Wakamchukua Bryce Young, halafu wakamtaka arushe mpira kwenye timu waliyokwisha kuinyang'anya mtu wa kuupokea. Aliangushwa mara 62, kocha alifukuzwa baada ya mechi 11, na timu ikamaliza na ushindi wa mechi mbili. Ile zamu ya mwaka uliofuata waliyokuwa wameiuza ikawa ya kwanza, na Chicago wakamchukua Caleb Williams. Nao wakafanya yale yale: msimu wa 2024 Williams aliangushwa mara 68, na kocha hakufika Desemba.

Kisha wakafanya kile ambacho Houston hawakukifanya kwa Carr. Machi 2025 walimnunua Joe Thuney kutoka Kansas City, nyumba ile ile ya Mahomes, wakamleta Jonah Jackson na Drew Dalman, watu watatu wa katikati ya ukuta kwa mwezi mmoja. Walikuwa wamekwisha kumwajiri Ben Johnson, aliyekuwa akipanga mashambulizi ya Detroit. Kijana alibaki Caleb Williams, na msimu wa 2025 Chicago wakashinda kundi lao.

Wewe unayekesha nami Aprili ijayo, jina la kwanza likisomwa, kabla hujasema lolote juu ya mkono wake au kimo chake, niambie kwanza nani anasimama mbele yake na kocha wake ana mkataba wa miaka mingapi. Tutaanzia hapo kubishana.