Maji ya Paani na Maji ya Mtaroni

Mji wetu wa Johannesburg umekaa juu ya mgongo wa Witwatersrand. Mvua inyeshayo kaskazini mwake hufuata mto Jukskei hadi Limpopo na Bahari ya Hindi. Ya kusini huingia mto Klip, kisha Vaal, hadi Atlantiki. Ajabu ni kwamba maji ya mifereji yetu hupandishwa tena kutoka Vaal, nasi mvua twaiacha ipite.

Nayo haipiti kwa upole, kwani lami hainywi maji. Tarehe 3 Disemba 2022, Jukskei ulifurika ghafla ukawachukua watu waliokuwa ibadani ukingoni.

Basi na tuikinge, kama walivyokinga wazee wetu wa pwani. Maji ya kwanza tuyaache yaoshe paa. Yanayofuata tuyaweke katika pipa lenye kifuniko, mbu wasizaliane wala mtoto asitumbukie. Yatatufaa kwa udhu, kufua, choo na bustani. Lakini tohara si kinga ya maradhi: tukilazimika kuyanywa, tuyachemshe. Ya mtaroni tusiyatumie kabisa, kwa kuwa huchanganyika na maji ya vyoo.

Wala tusitupe taka mtaroni. Zitamfurikia jirani aliye bondeni.